Kuchungulia mazoezi ya timu pinzani: kanuni zinasema nini, na kwa nini kwetu jambo hili ni zito

Kila likizo kubwa inapokaribia, na timu za vijana za makanisa, za kartie na za mashule zinapojitayarisha kwa mashindano, kuna lalamiko ambalo halikosi kufika mezani: timu fulani imemtuma mtu kwenda kuangalia mazoezi ya wenzao. Mara nyingine ni kijana aliyekaa juu ya ukuta na simu mkononi. Mara nyingine ni binamu aliyekuja kusalimia, naye mwaka mzima hakuwahi kusalimia. Wanaolalamika wanaomba timu ile iadhibiwe. Wanaolalamikiwa wanajibu kwamba kiwanja hakina mlango, kila mtu anapita.

Tumeona vizuri tueleze jambo lenyewe, kanuni za mpira zinasema nini, na kwa nini hapa Uvira na kando ya ziwa, hadi Makobola na Baraka, lina uzito ambalo halina huko Ulaya.

Kwanza tutofautishe. Kocha anayekwenda kuangalia mechi ya timu atakayokutana nayo juma lijalo hapelelezi. Mechi ni ya watu wote, na kocha mwenye daftari pembeni ya uwanja anafanya kazi yake. Mazoezi ni kitu kingine. Siku mbili za mwisho kabla ya mechi, timu inarudia mambo ambayo haijamwonyesha mtu: ni nani kumi na mmoja watakaoanza, nani atapiga kona na mpira utaelekea wapi, nani atamshika mshambuliaji mrefu, nani anachechemea. Ukijua kwamba beki wao wa kushoto ameumia goti na anayemshika nafasi ni mtoto wa miaka kumi na sita, mpango wako wote unabadilika. Hicho ndicho kinachotafutwa.

Kesi iliyofanya dunia nzima ijadili jambo hili ilitokea Uingereza. Tarehe 10 Januari 2019, mfanyakazi wa timu ya Leeds United alikutwa nje ya kiwanja cha mazoezi cha Derby County, na polisi wakaitwa. Siku iliyofuata timu hizo mbili zilicheza, Leeds wakashinda 2-0. Kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa wa Argentina, hakukana. Alisema yeye ndiye aliyemtuma, na baada ya siku chache aliwaita waandishi wa habari akawaambia kwamba msimu ule alikuwa ametuma watu kuangalia mazoezi ya wapinzani wake wote. Akafungua kompyuta, akawaonyesha kwa zaidi ya saa moja jinsi anavyochambua timu pinzani, mechi kwa mechi. Alitaka waone kwamba karibu yote aliyoyajua aliyapata kwa kuangalia mechi, na kwamba yule mtu wa nje ya ukuta aliongeza kidogo sana.

Hapo wakuu wa ligi wakapata tatizo. Walipofungua kanuni zao, hapakuwa na hata moja iliyokataza waziwazi kuangalia mazoezi ya wengine. Kulikuwa tu na ile inayodai klabu zitendeane kwa nia njema. Kwa hiyo waliwatoza Leeds faini ya pauni 200,000 kwa kuvunja nia njema, faini ambayo Bielsa aliilipa kutoka mfukoni mwake, kisha wakaandika kanuni mpya: klabu yoyote haitaangalia wala kujaribu kuangalia mazoezi ya mpinzani wake katika saa 72 kabla ya mechi. Tunawaomba viongozi wa vijana waliangalie jambo hili vizuri. Kosa lilikuwa linajulikana moyoni mwa kila mtu, lakini halikuwa limeandikwa, na ndiyo sababu mjadala ulikuwa mrefu hivyo.

Na ile faida? Mwezi wa Mei mwaka uleule timu hizo zilikutana tena katika nusu fainali ya kuwania kupanda daraja. Leeds walishinda 1-0 ugenini, wakarudi nyumbani wakafungwa 4-2, na Derby ndio waliokwenda fainali.

Kesi ya pili ni mbaya zaidi, na iliwaumiza wasiohusika. Julai 2024, kwenye michezo ya Olimpiki ya Ufaransa, droni ilionekana juu ya mazoezi ya timu ya wanawake ya New Zealand mjini Saint-Étienne. Aliyeirusha alikuwa mtu wa benchi la Canada, mabingwa wa Olimpiki iliyotangulia. Polisi walimkamata, na mahakama ikampa kifungo cha miezi minane cha nje. FIFA ilimfungia kocha Bev Priestman mwaka mmoja, ikaitoza Canada faini ya faranga 200,000 za Uswisi, na ikawanyang'anya pointi sita. Wachezaji wa Canada, ambao hawakurusha kitu chochote angani, walishinda mechi zao zote tatu za kundi na kubaki na pointi tatu. Walipita hata hivyo, kisha wakatolewa na Ujerumani kwa penalti katika robo fainali. Sisi tunaona adhabu ya kocha ilistahili. Kuhusu zile pointi sita, wengi bado wanabishana, na hatushangai.

Huenda msomaji atasema hayo ni mambo ya wazungu wenye droni. Lakini Kongo ina historia yake, na wazee wetu waliokuwa na redio mwaka 1974 wanaikumbuka. Mwaka ule Leopards wa Zaire, wakiwa mabingwa wa Afrika, walikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi wakiongozwa na kocha Blagoje Vidinić. Vidinić alikuwa Myugoslavia. Kura iliwaweka kundi moja na Yugoslavia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2-0, jambo ambalo halikuwa aibu. Ya pili, tarehe 18 Juni, Yugoslavia iliwafunga 9-0. Baada ya bao la tatu, mapema kabisa, kipa Kazadi Mwamba alitolewa na kuingizwa Tubilandu, na watu hawakuelewa kwa nini. Uvumi ukaenea: kocha amewauzia ndugu zake siri za timu, yeye ni mpelelezi wao.

Uvumi huo haukuthibitishwa. Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kubadilisha kipa ilitoka kwa mtu wa wizara. Wachezaji nao wamesimulia mara nyingi kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia na kwamba karibu wakatae kuingia uwanjani siku ile. Timu isiyolipwa na iliyovunjika moyo inaweza kufungwa mabao tisa bila kusalitiwa na yeyote. Lakini neno "mpelelezi" lilikuwa jepesi kutamka kuliko neno "wizara", hasa wakati ule wa Mobutu.

Sasa turudi kwetu. Wanaoijua Uvira wanajua jinsi ilivyokaa: ziwa upande mmoja, milima ya Mitumba upande mwingine, na mji umebanwa katikati kama mkeka mrefu kutoka Kavimvira hadi Kalundu. Kiwanja kikiwa chini, mlima unakiangalia. Mama anayeshuka na mzigo wa kuni anaona mazoezi ya timu mbili kabla ya kufika sokoni. Watoto wanakaa nyuma ya goli kuokota mipira, na jioni wanasimulia nyumbani kila kitu, pamoja na majina ya waliogombana. Tena mchezaji aliyekuwa timu hii mwaka jana yuko timu ile mwaka huu, na kona zote anazo kichwani. Kanuni ya saa 72 ilitungwa kwa klabu zenye ukuta, mlango na mlinzi. Hapa ukiiandika jinsi ilivyo, utakuwa umekataza watu kutembea.

Tuseme pia jambo ambalo watu husema kwa sauti ya chini. Katika sehemu zetu, timu nyingi zinazolinda kiwanja usiku wa kabla ya mechi haziogopi kuibiwa mpango wa kona. Zinaogopa dawa: kitu kilichozikwa kwenye goli au kumwagwa mlangoni. Hofu hii haiko kwetu tu. Februari 2002 huko Bamako, polisi walimkamata Thomas Nkono, kocha wa makipa wa Cameroon, uwanjani kabla ya nusu fainali na Mali, wakimshuku kwamba ameweka hirizi. Kwa hiyo mtu anayekutwa kiwanjani saa isiyo yake anaweza kushukiwa mara mbili kwa pamoja, upelelezi na uchawi, na yote mawili yanapandisha hasira upesi.

Hata kule kwenye viwanja vikubwa, swali la nani aingie wapi siku moja kabla ya mechi linaweza kuharibu kila kitu. Majirani zetu wa Tanzania waliliona tarehe 8 Machi 2025, siku ya mechi ya Simba na Yanga. Kanuni za ligi yao zinaipa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi katika uwanja wa mechi siku iliyotangulia. Usiku wa tarehe 7 Simba walifika uwanja wa Benjamin Mkapa, wakazuiwa kuingia. Wakasema walinzi wa Yanga ndio waliowazuia, na kwamba hawatacheza. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku ileile, wakati watu walikwisha kusafiri kutoka mikoani. Ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Kanuni ilikuwa imeandikwa vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni usiku ule na kuisimamia.

Lakini Dar es Salaam walipoteza nauli na jioni moja. Kwetu inaweza kupotea roho ya mtu.

Hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wetu mwaka 2025 ulivyokuwa. Goma ilianguka mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari, ofisi za jimbo zikahamia Uvira, askari wa aina nyingi wakajaa barabarani, na mwezi wa Desemba vita vikaingia Uvira kwenyewe. Mtu wa Ulaya akisikia mlio wa droni anafikiri kuna harusi inayopigwa picha. Huku watoto wanakimbilia ndani. Katika Kivu watu wamekamatwa, na wengine wameuawa, kwa sababu tu mtu mmoja alinyoosha kidole akasema huyu ni mpelelezi. Bariera moja inatosha, na simu moja yenye picha ambazo askari hazielewi.

Basi mfikirieni kijana wa miaka kumi na tano ambaye kocha wake amemwambia: panda mlimani, upige video mazoezi ya wale wa kule chini. Kwa kocha ni mchezo. Lakini juu ya mlima kijana huyo ni mtu asiyejulikana anayeelekeza simu chini mjini. Akiulizwa na mwenye silaha anafanya nini, atajibu nini? Akisema ukweli, kwamba anachunguza timu pinzani, atakuwa ametamka mwenyewe neno la kumhukumu. Sisi tunasema wazi kwamba mtu mzima anayemtuma mtoto hivyo, kwa ajili ya kona moja, hafai kukabidhiwa timu.

Na upande wa pili uko vilevile. Wale waliomkuta wakipiga kelele "mpelelezi! mpelelezi!" kando ya barabara, hawajui ni nani anayesikia.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati za mashindano za makanisa yetu mambo haya, na tumeyasikia pia kwa baadhi ya makocha wa hapa. Neno "upelelezi" liondolewe kabisa katika barua za malalamiko na midomoni mwa wachezaji. Kiswahili kina neno "kuchungulia", nalo linatosha kwa mambo ya mpira. Kanuni iandikwe kabla mashindano hayajaanza, ifupi: anayetaka kuangalia mazoezi ya wenzake aje mchana, akae pembeni ya kiwanja anapoonekana, asalimie, asipige video. Timu inayotaka kufanya mazoezi ya siri ifanye alfajiri, au ikubali kuonekana. Mtu akikutwa anachungulia, apelekwe kwa msimamizi wa mashindano au kwa mchungaji aliye karibu, miguu kwa miguu, bila kupigwa na bila simu yake kuchukuliwa na mtu yeyote. Asipelekwe kwa askari, wala kwa kikundi chochote chenye silaha. Adhabu ikiwepo, imwangukie kocha aliyetuma: akae nje mechi mbili au tatu. Pointi za vijana zisiguswe.

Kuna kocha anayeweza kuuliza: na kama wameshaona kona zangu? Abadilishe mpigaji. Ana siku mbili.