Makomando wa wikendi

Mtajie Mtanzania neno komando, naye ataiona sherehe ya Uhuru ya Desemba 9: vijana wa JWTZ vifua wazi, matofali yanapasuliwa, jukwaa zima linapiga makofi. Mtajie Mganda wa umri mkubwa, naye atakumbuka Entebbe, usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, Waisraeli waliposhuka gizani, wakawaokoa mateka zaidi ya 100 na kuondoka kabla saa mbili hazijatimia, kisha wakajaza mafuta Nairobi wakaenda zao. Sinema nazo zimeongeza chumvi. Kwa wengi wetu komando ni mtu wa dakika chache: anaingia, anavunja mlango, anatoka.

Sehemu kubwa ya kazi ya vikosi maalumu haifanani na hayo hata kidogo. Anayetaka kuielewa anaweza kuziacha kambi kubwa za Marekani zilizoandikwa sana na kutazama miji mitatu ya kawaida kabisa: Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika Ohio, na Buffalo katika New York. Nimeichagua pia kwa sababu Kiswahili kinasikika humo. Wamo Wakongo wa Uvira, Fizi na Masisi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma kabla ya kupewa ndege. Wamo Wasomali Wabantu, ambao baadhi yao bado wanasema Kizigua cha mababu waliochukuliwa utumwani kutoka nchi ya nyuma ya Tanga. Hawa wanawajua makomando kwa namna ambayo sinema haiwezi kufundisha.

Tuanze Louisville. Uwanja wake wa ndege usiku haulali, kwani ndipo kilipo kituo kikuu cha ndege za mizigo za UPS. Pembeni mwa barabara hizohizo za kurukia ndege kuna kambi ya Walinzi wa Taifa wa Anga wa Kentucky, na ndani yake kikosi cha 123 cha mbinu maalumu. Walinzi wa Taifa ni askari ambao wakati wa amani huwa chini ya gavana wa jimbo, na rais akiwahitaji huwaita. Mlinzi wa kawaida hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi na majuma mawili kwa mwaka, siku nyingine yuko kazini kwake: zimamoto, polisi, hospitali, dukani. Katika vikosi maalumu siku za jeshi ni nyingi zaidi, na wengine wameajiriwa moja kwa moja, lakini asili ni ileile ya raia mwenye sare kabatini.

Kazi zao kubwa ni mbili. Kuna waongoza ndege wa vitani, ambao hupelekwa mahali pasipo na mnara wala taa, wakapima ardhi, wakaweka alama na kuanza kuita ndege moja baada ya nyingine kwa redio. Hawa wana cheti kilekile cha mwongoza ndege wa kiraia, juu yake wamefundishwa kuruka kwa mwamvuli na kupiga mbizi. Kuna pia waokoaji, ambao ni matabibu wa dharura waliofundishwa kumfikia majeruhi popote alipo, awe majini, mlimani au kwenye risasi. Mafunzo ya kila mmoja huchukua kama miaka miwili, na wengi huanguka njiani.

Kimbunga Katrina kilipouzamisha mji wa New Orleans mwaka 2005, vijana wa Louisville waliigeuza barabara ya juu iliyobaki kavu kuwa kiwanja cha helikopta, na maelfu ya watu walipitishwa hapo. Agosti 2021 walikuwamo katika uwanja wa Kabul wakati dunia nzima ikitazama watu waking'ang'ania ndege. Julai 2022 mafuriko yalipokumba mashariki ya Kentucky, waliwaokoa majirani wao wenyewe kwa boti na helikopta.

Usidhani kwamba hawapigani. Agosti 2017, katika mkoa wa Nangarhar nchini Afghanistan, mwongoza ndege wa kikosi hicho, Daniel Keller, alikuwa pamoja na makomando wa Kiafghanistan nyumba iliyotegwa ilipolipuka. Akiwa amejeruhiwa, aliendelea kuita ndege na kusaidia kuwaondoa majeruhi. Mwaka 2019 alipewa Msalaba wa Jeshi la Anga, nishani ambayo juu yake imebaki moja tu. Ukiisoma habari yake kwa makini, utaona kwamba silaha yake kubwa siku ile ilikuwa redio.

Jambo moja linanichekesha kila nikilifikiria. Mwaka huohuo wa 2019 uwanja wa Louisville ulibadilishwa jina, ukaitwa kwa mtoto wa mji huo, Muhammad Ali. Huyu ndiye aliyekataa kuandikishwa jeshini Aprili 1967, akapokonywa ubingwa na kunyimwa leseni ya ngumi kwa zaidi ya miaka mitatu. Leo makomando wa Kentucky huruka kutoka kwenye uwanja wenye jina lake. Marekani haioni tabu kubeba vitu viwili vinavyogombana.

Columbus, Ohio, nako kuna makomando wa wikendi: kombania ya B, batalioni ya pili, kundi la 19 la Vikosi Maalumu, wale wa bereti za kijani. Makao makuu ya kundi lenyewe yako mbali, Utah. Timu ya msingi ya bereti za kijani ina watu 12: kapteni, msaidizi wake, sajini wa operesheni, sajini wa upelelezi, kisha wawili wawili wa silaha, uhandisi, tiba na mawasiliano. Kwa nini wawili wawili? Ili timu iweze kukatwa katikati ikawa timu mbili kamili. Timu hii haikuundwa ili ipigane peke yake. Iliundwa ili iingie katika nchi ya watu, ijifunze lugha, iishi nao, iwafundishe wao kupigana. Kwa hiyo bereti ya kijani ni mwalimu kabla ya kuwa mpiganaji, na ualimu wake hupimwa kwa wanafunzi anaowaacha nyuma.

Nchini Marekani kuna Columbus nyingine, ya Georgia, jirani na kambi ya Fort Benning. Kutoka kambi hiyo ndiko walikotoka askari wa Rangers waliopelekwa Mogadishu mwaka 1993. Oktoba 3 mwaka ule, wakiwa pamoja na Delta Force na marubani wa helikopta kutoka Fort Campbell, walikwenda kuwakamata wasaidizi wa mbabe wa vita Mohamed Farah Aidid. Ilitarajiwa kuwa kazi ya saa moja hivi. Helikopta mbili ziliangushwa, mapigano yakaendelea hadi asubuhi, Wamarekani 18 wakafa. Waliowatoa walikuwa askari wa Malaysia na Pakistan wakiwa na magari ya deraya na vifaru, jambo ambalo sinema ya mwaka 2001 kuhusu mapigano hayo inalipitia haraka mno. Wasomali waliokufa walikuwa mamia, wakiwamo watu waliokuwa majumbani mwao.

Kutoka katikati ya miaka ya tisini, Wasomali walianza kumiminika Columbus ya Ohio, hata jamii yao ikawa ya pili kwa ukubwa Marekani baada ya ile ya Minneapolis. Tazama basi mambo yalivyogeuka: Columbus moja ilipeleka askari Mogadishu, nyingine ikawapokea watu wa Mogadishu. Kijana wa Ohio aliyeizoea filamu ile na jirani yake Msomali wa barabara ya Cleveland wana kumbukumbu moja yenye milango miwili. Kwa mmoja ni hadithi ya kutomwacha mwenzako nyuma. Kwa mwingine ni usiku ambao helikopta zilipita juu ya bati mpaka alfajiri. Sioni sababu ya kumlazimisha yeyote kati yao aifute yake.

Kwa Wakongo wa miji hii habari ni ya karibu zaidi. Mwaka 2010 wakufunzi wa vikosi maalumu vya Marekani walifundisha batalioni ya makomando wa jeshi la Kongo huko Kisangani, ile ya 391, yenye askari wapatao 750. Ilikusudiwa kuwa mfano kwa jeshi zima. Mafunzo hayakuwa ya bunduki tupu: mlikuwa na somo la haki za binadamu, na askari walifundishwa hata kulima na kufuga samaki ili wasiwanyang'anye raia chakula. Baadaye ikapelekwa kaskazini kuwasaka wapiganaji wa Joseph Kony.

Kisha waasi wa M23 wakaiteka Goma, Novemba 20, 2012. Jeshi la serikali lilirudi nyuma kwa fujo mpaka Minova, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, na huko wanajeshi wakabaka wanawake na wasichana wengi na kupora mji. Batalioni ya 391 ilikuwa miongoni mwa vikosi vilivyotajwa. Umoja wa Mataifa ulitishia kukata msaada kwake na kwa batalioni ya 41. Kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi Goma, washtakiwa 39, na hukumu ilipotolewa Mei 2014 waliopatikana na hatia ya ubakaji walikuwa wawili tu.

Wapo wanaosema mafunzo yalikuwa mabaya. Mimi siamini hivyo. Mafunzo yanaweza kuwa mazuri, halafu mwanafunzi akarudishwa kwenye jeshi ambalo mshahara haufiki, makamanda wanauza mgao na amri hazieleweki. Miezi ya ukufunzi haiwezi kuziba shimo hilo. Ukomando hauwezi kukaa juu ya jeshi bovu. Ulinganishe na brigedi ya kuingilia kati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Ndani yake mlikuwa na kombania ya vikosi maalumu na upelelezi, lakini pia batalioni tatu za miguu, mizinga, ugavi unaofika na mamlaka yaliyoandikwa wazi. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo M23 ikakubali kushindwa. Kwamba imerudi tena baadaye, na kwa nguvu kubwa zaidi, ni kosa la siasa ambalo hakuna komando anayeweza kulitibu.

Tumalizie Buffalo, mji wa theluji kando ya Ziwa Erie, maana ndiko alikozaliwa baba wa shughuli hii yote upande wa Marekani. William Donovan alizaliwa huko Januari 1, 1883, katika mtaa wa makuli wa Kiayalandi karibu na bandari, mjukuu wa wahamiaji. Alisoma sheria New York, akapigana Ufaransa mwaka 1918 na baadaye akapewa nishani ya juu kuliko zote. Alipokuwa mwendesha mashtaka wa serikali mjini kwake, wakati pombe ilipokuwa marufuku, aliamuru msako wa mwaka 1923 dhidi ya Saturn Club, klabu ya matajiri ambayo yeye mwenyewe alikuwa mwanachama. Wakubwa wa Buffalo hawakumsamehe. Aligombea ugavana mwaka 1932 akashindwa.

Juni 1942 Rais Roosevelt alimpa shirika jipya la ujasusi, OSS. Humo Donovan aliweka maprofesa, wanasheria, wezi wa makasha, wacheza besiboli, hata Julia Child kabla hajawa mpishi maarufu. Timu za watu watatu watatu zilirushwa kwa miavuli Ufaransa mwaka 1944 kuungana na wapiganaji wa msituni. Mmoja wa waliorushwa, Aaron Bank, ndiye aliyeanzisha kundi la kwanza la Vikosi Maalumu mwaka 1952. Ncha ya mkuki iliyo katika nembo ya kamandi ya operesheni maalumu ya Marekani leo imetokana na nembo ya OSS.

Nasi tumo katika hadithi hiyo. Watu wa Donovan walifika Léopoldville, nchini Kongo. Mkuu wao huko kuanzia mwishoni mwa 1943 alikuwa mhandisi Wilbur Hogue, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, haiwafikii Wajerumani. Kisingizio kilikuwa magendo ya almasi. Mawe ya Shinkolobwe ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, na ubora wake haukuwa na mfano duniani. Wachimbaji waliyabeba kwa mikono bila kuambiwa ni kitu gani.

Baadhi ya mawe hayo yalisafishwa Tonawanda, kitongoji cha Buffalo, katika kiwanda cha kampuni ya Linde, kati ya 1942 na 1946. Mabaki yake yakapelekwa Lewiston, kaskazini kidogo, yakaungana na mabaki mengine ya urani ya Kongo, na yamefukiwa huko mpaka leo. Kwa hiyo Mkongo aliyeshuka uwanja wa Buffalo na mifuko yake ya shirika la uhamiaji, IOM, aliikuta Katanga imemtangulia kwa zaidi ya miaka 70, bila kupita ofisi ya wakimbizi. Anayesimamia mabaki hayo ni Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, wilaya ya Buffalo, na uamuzi wa mwaka 2019 ni kwamba yafukuliwe na kupelekwa kwingine.