Ndege Iliyotafutwa Mbali Nayo Ilikuwa Karibu

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 5 Mei mwaka 2007, watu walikwenda katika kiwanja cha ndege cha Nairobi kuwapokea jamaa zao. Ndege ya Shirika la Ndege la Kenya iliyotoka Abidjan kwa njia ya Douala, nchini Kameruni, ilitazamiwa kufika saa 12 na robo asubuhi. Saa hiyo ikapita, wala ndege haikutokea. Baadaye ikatangazwa kwamba ndege hiyo, aina ya Boeing 737-800, yenye watu 114 ndani yake, haijulikani iliko.

Huko Douala ndege ilikuwa imengoja zaidi ya saa moja kwa ajili ya mvua kubwa ya radi, kisha ikaruka saa 6 na dakika 6 usiku. Tangu iliporuka, sauti ya marubani haikusikika tena.

Basi kazi ya kutafuta ikaanza. Habari za kwanza ziliwaelekeza watafutaji upande wa Lolodorf, mji ulioko kadiri ya kilomita 140 kusini-mashariki mwa Douala, penye misitu mikubwa. Helikopta zikapelekwa huko, na misitu ikapekuliwa, lakini hapakuonekana hata kipande kimoja cha bati. Nyumbani Kenya jamaa walikesha wakingoja habari, wengine wakitumaini kwamba pengine ndege imetua mahali pasipo simu.

Waliowarudisha watafutaji katika njia iliyo sawa hawakuwa na mitambo ya ajabu. Walikuwa wavuvi wa vinamasi vilivyo karibu na Douala, watu wanaozijua hori na mikondo ya maji ya kwao. Habari zao zilifuatwa, na jioni ya Jumapili, tarehe 6 Mei, ndege ikaonekana. Ilikuwa imezama katika matope ya mikoko karibu na kijiji cha Mbanga Pongo, mahali pasipotimia kilomita 6 toka mwisho wa njia iliyorukia. Haikuwa imekaa hewani hata dakika mbili. Hapakuwa na mtu aliyesalimika.

Mtu wa Lamu au wa Vanga anayeijua mikoko hatashangaa kusikia kwamba ndege kubwa kama hiyo iliweza kufichika. Chombo kikianguka kwa nguvu mahali pa namna hiyo, huchimba shimo na kumezwa na maji na tope, na matawi hufunika yaliyosalia. Tena vyombo vya kupeleka ishara za hatari huvunjika mara nyingi, au vikizama, mawimbi yake ya redio hayapenyi majini.

Sababu ya msiba nayo ilitafutwa mbali kwanza. Wengi waliitupia lawama ile mvua ya radi. Lakini vyombo viwili vinavyoweka kumbukumbu za mwendo wa ndege na maneno ya marubani vilipatikana, kimoja tarehe 7 Mei na cha pili mwezi wa Juni. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa na Serikali ya Kameruni mwaka 2010 ilionyesha kwamba ndege ilianza kulala ubavu wa kulia polepole katika giza tupu. Nahodha alitaka mtambo unaoongoza ndege wenyewe uwashwe, lakini haukuwashwa, na msaidizi wake hakumjibu. Hakuna aliyeziangalia saa za kuongozea mpaka kengele ya hatari ilipolia, na hapo nahodha hakujua tena ndege imeelekea wapi. Neno moja kati ya watu wawili waliokaa bega kwa bega lingaliweza kuokoa roho 114.

Ndege inapopotea, mitambo ya kutafutia ni ya lazima, na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, msiba wa Douala umeacha mafundisho mawili. Atafutaye na aanzie pale kitu kilipoonekana mara ya mwisho, na mwenyeji wa mahali aulizwe mapema, hata akiwa ni mvuvi mwenye mtumbwi na kasia tu. Kuuliza si ujinga.