Kwa nini pakiti ya ORS inataka lita moja kamili

Mtoto akianza kuharisha, wazazi wengi hutafuta pakiti ya ORS iliyobaki kabatini. Makosa huanzia hapo. Nusu pakiti inamiminwa kwenye glasi kwa kukadiria, nyingine inafungwa kwa ajili ya kesho. Wapo pia wanaoona kuwa ni sukari na chumvi tu, hivyo soda inatosha. Haitoshi.

Chumvi ya mezani ni muungano wa sodiamu na klorini. Kila moja peke yake ni hatari: sodiamu ni metali laini inayoweza kulipuka ikigusa maji, klorini ni gesi ya sumu. Kinachozituliza ni elektroni moja. Atomi ya sodiamu ina protoni 11 zenye chaji chanya na elektroni 11 zenye chaji hasi, kwa hiyo zinalingana. Ikitoa elektroni moja zinabaki 10, na chaji chanya inazidi. Klorini yenye elektroni 17 huipokea ile moja na kufikisha 18, hivyo kwake chaji hasi ndiyo inayozidi. Atomi yenye chaji namna hiyo huitwa ioni. Hata waliolikimbia somo la kemia sekondari, ioni hizi wanazo mwilini: ndizo zinazosaidia neva kupeleka taarifa, misuli kujikunja na moyo kudunda.

Mtoto anayeharisha hupoteza maji pamoja na ioni za sodiamu, klorini na potasiamu. Maji matupu hayazirudishi.

Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna protini zilizo kama milango, zinazopitisha sodiamu na glukosi zikifika pamoja. Zikipita, maji huzifuata. Milango hiyo huendelea kufanya kazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo hilo mwaka 1960, na mwaka 1968 madaktari mjini Dhaka wakaonyesha kuwa kinywaji chenye glukosi na chumvi kinapunguza sana haja ya dripu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, dripu zilipungua katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vilishuka kutoka takriban wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya wanne.

Pakiti ya lita moja inayofuata fomula ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2002 ina gramu 20.5, zikiwamo gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi. Vipimo hivyo vimepangwa ili kwenye maji, sodiamu na glukosi ziwe sawa kwa idadi. Maji yakiwa machache, sodiamu inaweza kupanda kwenye damu hadi mtoto apate degedege. Yakizidi, ioni zinakuwa chache mno. Soda ina sukari nyingi na sodiamu kidogo, na sukari hiyo huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, kuhara kukazidi.

Soma pakiti kwanza, kwa kuwa zipo za ujazo mdogo. Kama ni ya lita moja, chupa mbili za maji za nusu lita ni kipimo kizuri. Mimina pakiti yote, koroga, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Uliza pia vidonge vya zinki kituo cha afya. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitali mara moja, huku akiendelea kupewa ORS njiani kama anaweza kunywa.