Tukiboresha mfumo usiku, kwa nini tunafunga kubadilisha PIN?

Mara kwa mara unapata ujumbe wetu kwamba kutakuwa na matengenezo ya mfumo kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi. Wengi wenu mnausoma, mnatoa mapema pesa ya matatu ya asubuhi, mnalala. Lakini kuna sentensi moja kwenye ujumbe huo inayotuletea maswali: hutaweza kubadilisha PIN wala kusajili laini mpya. Kama kutuma pesa kunaendelea, mbona PIN ifungwe? Jibu liko kwenye mpango wetu wa kurudi nyuma mambo yakiharibika.

Pesa zako na utambulisho wako havikai mahali pamoja. Salio liko kwenye daftari la miamala. Seva ya saraka ni kitu kingine: ndiyo inayojua namba hii ni ya nani, PIN iliyobonyezwa ni sahihi ama si sahihi, laini iko wazi ama imefungwa, na kama aliyeingia ni mteja, wakala au mfanyakazi wetu. Daftari haliguswi mpaka saraka iseme "ndiye". Saraka ikikwama, pesa zako ziko salama kabisa, ila huwezi kuzigusa. Kwa mama mboga anayesubiri kulipia mzigo Marikiti saa kumi na moja alfajiri, usalama wa namna hiyo haumsaidii sana.

Kwa hivyo kabla ya kuweka toleo jipya la saraka, tunapanga jinsi ya kurudi kwenye la zamani. Inasikika rahisi: una nakala ya saa saba, toleo jipya limekataa, unarudisha nakala. Shida ni yale yaliyotokea katikati. Tuseme saa nane usiku umeporwa simu, na aliyekupora alishaiona PIN yako. Unaazima simu, unatupigia, laini inafungwa. Saa nane na nusu tunaamua kurudisha nakala ya saa saba. Hiyo nakala haijui lolote kuhusu wizi. Kama hakuna aliyelifikiria jambo hilo mapema, laini inafunguka tena na PIN aliyonayo mwizi inakubaliwa.

Ndiyo sababu ya ule ufungaji. Wakati wa matengenezo, saraka ya zamani inaendelea kujibu "ndiye" ama "siye", lakini haiandikwi kitu kipya. Kufunga laini iliyoibiwa ndiyo huduma pekee ya aina hiyo tusiyoisimamisha hata dakika moja. Inaandikwa kwenye orodha ya pembeni, nje ya saraka, na kila muamala unapitishwa kwenye orodha hiyo kwanza. Twende mbele ama turudi nyuma, orodha inabaki palepale.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata mafundi wazoefu. Saraka haikai kwenye seva moja. Kuna nakala kadhaa zinazopashana habari. Chukua Active Directory ya Microsoft, ambayo ofisi nyingi hutumia. Kila badiliko hupewa namba, na kila seva hukumbuka namba ya mwisho iliyopokea kwa mwenzake. Ukirudisha seva moja peke yake kwa picha ya zamani bila kufuata utaratibu wake, inaweza kuanza kutumia upya namba ambazo wenzake wanadhani wameshaziona, nao wanazipuuza. Huenda kengele isilie mara moja. Seva moja inasema laini imefungwa, nyingine inasema iko wazi. Tena, ukishapanua muundo wa saraka hiyo ili ikubali aina mpya za taarifa, nyongeza hizo unaweza kuzizima lakini si kuzifuta. Hapo lazima uwe na nakala ya mfumo mzima, na uwe umeshajaribu kuirudisha. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa sisi hatuihesabu.

Kule Uingereza, benki ya TSB ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya mwezi Aprili 2018, karibu wote kwa mkupuo mmoja. Takwimu zenyewe zilihama salama, lakini hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na huduma zilirudi hali ya kawaida Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Ukishahamisha kila mtu kwa pamoja, njia ya kurudi inakuwa nyembamba sana. Ndiyo maana sisi tunaanza na kundi dogo, laini za wafanyakazi wetu zikiwa za kwanza.

Halafu kuna saa ya kuamua. Kurudisha saraka yote na kuikagua kunachukua takriban saa moja na nusu, na tunataka kufungua saa kumi. Basi saa nane na nusu ikifika na toleo jipya bado linasumbua, tunarudi, hata kama fundi anaapa amebakiza dakika tano tu. Dakika tano za saa nane usiku zina mazoea ya kufika asubuhi. Tukishafungua, kila badiliko la PIN linaandikwa pia pembeni kwa siku kadhaa, ili tukilazimika kurudi Jumanne, PIN uliyoweka Jumapili isipotee.

Kwako wewe: ukitaka kubadilisha PIN, fanya kabla ya saa saba. Muamala ukikwama usiku huo, usirudie haraka. Angalia salio kwanza, na utunze ujumbe wa uthibitisho. Simu ikiibwa, tupigie saa hiyo hiyo, usingoje matengenezo yaishe. Na mtu akikupigia akisema tunaboresha mfumo, utaje PIN ili laini isifungwe, kata simu. Hakuna hatua ya kazi hii, ya kwenda wala ya kurudi, inayohitaji PIN yako.