Umebadilisha Mfumo wa Kompyuta, Intaneti Imepotea: Uanzie Wapi?

Likizo iliyopita nilikuwa nikisaidia kazi za ofisi katika parokia moja wilayani Kibiti. Kompyuta mpakato ya ofisi ilikuwa ya zamani, nayo ilitumia Windows 10. Kama unavyojua, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa bure kwa mfumo huo, na Windows 11 inadai prosesa za miaka ya karibuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta yetu haikuwa na sifa hizo. Basi usiku mmoja nikapakia Linux, mfumo wa bure usiohitaji mashine yenye nguvu nyingi. Kufikia saa sita usiku kazi ilikuwa imekwisha, nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi saa tatu akaja binti mmoja pamoja na mjomba wake, wametoka kijiji cha delta ya Rufiji. Walikuwa wamepanda boti alfajiri hadi Nyamisati, kisha bodaboda hadi Kibiti. Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kutuma maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Vyeti vyake alivifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni visilowane.

"Shikamoo Frateri. Tumeambiwa hapa kuna intaneti."

"Marahaba. Ipo, karibuni mkae," nikajibu kwa kujiamini. Nikafungua kompyuta. Intaneti haikuwepo. Hata alama ya waifai haikuonekana.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Nilizima na kuwasha kompyuta mara tatu. Nikazima na kuwasha ruta. Nikaanza hata kupakia mfumo upya, kazi iliyokula karibu saa nzima, tukarudi palepale. Mjomba akatazama saa yake, akasema taratibu, "Frateri, maji hayamsubiri mtu. Yakipwa, boti haitoki."

Nilikuwa natenda bila kuuliza. Katika somo la mantiki tunafundishwa kosa moja la zamani sana: kudhani kwamba kwa kuwa jambo la pili limetokea baada ya la kwanza, basi la kwanza ndilo chanzo chake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikonga miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika, na intaneti ikasumbua sana Tanzania na nchi jirani. Mtu aliyebadilisha mfumo wa kompyuta yake asubuhi ile angeulaumu bure mfumo mpya. Kwa upande mwingine, mara nyingi mfumo mpya kweli ndio chanzo. Utajuaje? Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha Fizikia, anaeleza kwamba njia ya kujua huanzia kwenye yale yaliyo karibu na wazi kwetu, ndipo twende kwenye yaliyofichika. Tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: je, intaneti yenyewe ipo? Chukua simu, iunganishe na ruta ileile, ufungue ukurasa wowote. Simu ikikosa, tatizo haliko kwenye kompyuta. Angalia salio la bando, angalia kama mtandao unashika, uliza jirani. Simu ikipata, sasa una haki ya kuishuku kompyuta.

Hatua ya pili: je, waifai imefungwa tu? Kompyuta mpakato nyingi zina swichi ubavuni au kitufe chenye picha ya mnara au ndege. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, waifai hulala. Kwenye Linux, amri ya rfkill list inaonyesha kama imefungwa kwa kitufe au kwa programu.

Hatua ya tatu: je, mfumo unaitambua kadi ya waifai? Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa hicho. Mfumo wa zamani ulikuwa nayo. Ulipoufuta, uliifuta pamoja nao. Mfumo mpya huja na draiva nyingi, lakini si zote. Kadi ni nzima, ila hakuna wa kuiamuru. Dalili yake ni kwamba orodha ya waifai haionekani kabisa. Kwenye Windows, fungua Device Manager utafute kifaa chenye alama ya njano. Kwenye Linux, amri ya lspci huorodhesha kadi zilizomo. Za USB utaziona kwa lsusb. Andika jina la kadi na namba zake, kwa sababu ndivyo vitakavyokuongoza kwenye draiva sahihi.

Hapo mtu hujikuta kwenye mtego: ili upate intaneti unahitaji draiva, na ili upate draiva unahitaji intaneti. Njia ya kutokea iko mfukoni mwako. Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB, waya wa kupitisha data, si ule wa kuchaji tu. Kisha katika mipangilio ya simu washa kipengele cha kusambaza intaneti kwa USB. Simu nyingi hukiandika USB tethering. Kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya, na mara nyingi haitahitaji draiva nyingine. Hata simu iliyounganishwa na waifai inaweza kuipitisha intaneti hiyo kwa waya. Ukishapata mtandao, pakua draiva. Linux Mint na Ubuntu zina programu maalumu ya kutafuta draiva za ziada. Kama huna simu ya kufaa, pakua draiva kwenye kompyuta nyingine, uibebe kwa flashi. Ikiwa draiva imewekwa na bado haifanyi kazi, angalia kama Secure Boot imewashwa, kwa kuwa inaweza kuizuia draiva isiyotiwa saini.

Hatua ya nne: umeunganishwa, lakini kurasa hazifunguki. Fungua dirisha la amri uandike ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya majina ya Google. Ukipata majibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, basi njia ipo, ila kompyuta haijui nani anakaa wapi. Weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kama DNS katika mipangilio ya mtandao, ujaribu tena.

Hatua ya tano: tazama saa na tarehe. Betri ndogo ya kompyuta ya zamani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Tovuti salama hutumia vyeti vyenye muda maalumu, kwa hiyo kompyuta yenye tarehe ya uongo huvikataa vyote. Kwa kawaida saa hujirekebisha mtandao ukipatikana, lakini si kila mara.

Turudi Kibiti. Tatizo letu lilikuwa hatua ya tatu. Nilichomeka simu yangu kwa waya, intaneti ikaja, draiva ikapakuliwa. Mfumo ukaniuliza kama nataka masasisho, nikakubali bila kusoma ukubwa wake. Binti akaanza kujaza fomu kwa kupitia simu yangu. Alipofika kwenye kuambatisha vyeti, kila kitu kikasimama.

Moyo ukanidunda. Nikasema draiva imeharibika. Nikaanza kuiondoa ili niiweke upya. Binti akanitazama, akauliza kwa heshima, "Frateri, samahani. Umeangalia salio?"

Nikaangalia. Bando lote lilikuwa limemezwa na masasisho. Mimi mwanafunzi wa falsafa nilikuwa nimeruka hatua ya kwanza. Yeye, anayetoka mahali ambako kila megabaiti huhesabiwa, hakuiruka. Mjomba alitoka, akarudi na vocha. Nikasimamisha masasisho, vyeti vikapanda kimoja kimoja, na ujumbe wa kupokelewa ukatokea. Waliondoka mbio kuyawahi maji.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujabadilisha mfumo wa kompyuta ya parokia, shule au nyumbani, fanya mambo manne. Andika jina la kadi yako ya waifai ukiwa bado na mfumo wa zamani. Jaribu Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuipakia, uone kama waifai inafanya kazi. Weka draiva na nakala za mafaili yako kwenye flashi nyingine. Mwisho, weka mtandao kwenye mpangilio wa matumizi yenye kipimo, ili masasisho yasile bando lako.

Na usiifanye kazi hiyo usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya jambo lolote. Huwezi kujua nani yuko ndani ya boti, anakuja kwako asubuhi.