Mlima na Mshipa wa Damu

Nchi ya Buha ni nchi ya vilima na mabonde, na aghalabu mkazi wa Kasulu alipata mazoezi pasipo kuyatafuta, kwani mwanamke aliyetoka mtoni na ndoo kichwani, na mwanamume aliyesukuma baiskeli yenye gunia la maharage kwenda sokoni, wote walipanda mlima hata jasho likawatiririka. Siku hizi bodaboda hufika mlangoni, na mwenye duka huweza kumaliza juma zima asipande kilima hata kimoja. Naye akiwa na shinikizo la damu au kisukari, au akivuta tumbaku, basi yu katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo.

Apandapo mtu mlima, moyo huenda mbio, na damu ipitayo kwa kasi huusugua utando mwororo ulio ndani ya mshipa. Utando huo nao hutoa hewa iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo huilegeza misuli ya ukuta hata njia ya damu ikapanuka. Wataalamu watatu wa Marekani, Furchgott, Ignarro na Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuibainisha kazi ya hewa hiyo. Mshipa usiozoezwa hukakamaa upesi.

Dalili ya kuwa mwendo huipanua mishipa ilipatikana Afrika ya Mashariki yenyewe. Mwaka 1972 tabibu George Mann na wenzake walieleza habari za mioyo ya Wamasai 50 waliokwisha fariki, watu wa maziwa na nyama, ambao kuta za mishipa ya mioyo yao zilikuwa nene kama za wazee wa Marekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyozidi, damu ikapita bila taabu. Mann alikisia kuwa sababu ni wepesi wa miili yao.

Shirika la Afya Duniani huusia dakika zisizopungua 150 za mwendo wa wastani kwa juma, yaani kama nusu saa kwa siku tano, kwa hatua zinazomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Mgonjwa na apimwe kwanza zahanati, aanze taratibu, na akibanwa kifua asimame na kutafuta tabibu mara moja. Wala asiache vidonge vyake kwa kutegemea mlima, maana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, mbali zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kasulu, na kinga ni nafuu kuliko safari hiyo.