Ringi Mpya, Injini Bado Inakufa Mlimani

Lori limetoka gereji na ringi mpya, beringi mpya na bili nene. Tambarare linakwenda, lakini likifika mlima Kitonga na mzigo linaomba gia ya kwanza, na asubuhi kuliwasha ni kazi. Wanaozunguka boneti hawakosi maelezo.

"Ringi ni mpya, kompresheni haiwezi kuwa chini." Si kweli. Silinda iliyolika ikawa na umbo la yai haizibwi na ringi yoyote, hata ikipigwa hona ikang'aa. Ipimwe kipenyo juu, kati na chini. Tapeti zikibanwa mno, vali hazifungi vizuri injini ikipata moto. Kisha kuna gasketi ya silinda hedi. Kwa injini nyingi za dizeli huuzwa kwa unene tofauti, na wa kuchagua hujulikana baada ya kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Mafundi wengi huchukua iliyopo dukani. Chukua pistoni inayosafiri milimita 100 kwenye injini inayobana hewa mara 20: gasketi ikizidi unene kwa milimita 0.2 tu, inabana kama mara 19.3. Haitakufa kwa hilo, lakini asubuhi ya baridi utalihisi.

"Midomo ya ringi ikikaa mstari mmoja, kompresheni yote hupita hapo." Si kweli. Ipangwe kwa kupishana wakati wa kufunga, ila ringi huzunguka zenyewe injini ikifanya kazi.

"Mimina oili kwenye silinda; kipimo kikipanda, kosa ni ringi." Kwa petroli, ni kweli kiasi. Kwa dizeli ni hatari: nafasi juu ya pistoni ni finyu, oili ikizidi hupandisha kipimo kwa uongo, na inaweza hata kupinda konrodi. Afadhali kuingiza upepo wa kompresa, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote zimefungwa, kisha kusikiliza. Upepo mwingi ukitokea kwenye mfuniko wa oili, shuku ringi au silinda. Kwenye ekzosi au njia ya hewa, vali. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi au hedi yenyewe.

"Injini mpya iachwe ingurume bila mzigo kutwa nzima, ringi zizoee." Si kweli, na hii ndiyo imani inayoharibu kazi nzuri kuliko zote. Ringi husukumwa ukutani na presha ya moto iliyo nyuma yake. Bila mzigo presha ni ndogo, ukuta unapata utando laini kama kioo, na oili inaanza kuliwa. Ipe mzigo wa wastani, badilisha mwendo, usiikamie.

"Haina nguvu, basi haina kompresheni." Mara nyingi si kweli. Inayowaka upesi ikiwa baridi huenda kompresheni yake ni nzuri. Kagua taimingi ya pampu, chujio, bomba la dizeli linalovuta hewa, hozi ya tabo iliyopasuka. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo.

"Geji haidanganyi." Inadanganya, betri ikiwa dhaifu na injini inazunguka polepole. Chaji betri, toa nozeli zote, pima kila silinda. Zote zikiwa chini kwa usawa, anza na geji, betri na taimingi ya vali. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja, fungua hedi utazame gasketi kati ya silinda hizo.